Kahawa Kwenye Kitanda cha Ami

Wiki ya kwanza baada ya kurudi Chundwa na shahada yangu ya mazingira, nililizunguka shamba letu la kahawa na daftari mkononi nikaandika makosa arobaini na moja. Kosa la arobaini na moja lilikuwa mimi mwenyewe kukanyaga kinyesi cha punda ambacho, kwa mujibu wa kosa la saba, kilitakiwa kiwe ndani ya shimo la mbolea.

Shamba lenyewe si kubwa. Mtu akisikia "shamba la kahawa" huwaza vilima na ukungu wa asubuhi. Sisi hatuna kilima. Kisiwa cha Pate ukikitazama kwa mbali utadhani kuna mtu amekikalia. Lakini babu yangu ujanani aliuza kahawa Mombasa, akitembea na dele, lile birika la kahawa, mkono mmoja na vikombe vinavyogongana mkono wa pili, na aliporudi nyumbani kuoa alikuja na mbegu mfukoni. Watu wakamwambia kahawa ni mmea wa milimani. Akawauliza, "Imewaambia yenyewe?" Akaipanda, aina ile isiyoogopa joto, chini ya kivuli cha minazi na miembe, na ikaota. Haikuota kwa wingi wa kuringia, ila iliota. Mti wa kwanza kabisa aliupanda mlangoni mwa shamba, na mpaka leo mama huumwagia maji ya kuoshea mchele kila asubuhi kabla hajamsalimu mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Mama anasema ugonjwa wangu wa kuuliza maswali nimeurithi kwa babu. Anausema hivyo hivyo, "ugonjwa", kama vile pumu.

Babu alipofariki, shamba liliangukia kwa baba na kwa ami yangu, kaka mkubwa wa baba. Baba anafanya kazi Mombasa na maoni yake juu ya shamba huja kwa simu, mtandao ukipenda, kwa hiyo sehemu yake huisimamia mama. Ami ni mtu wa papa. Hununua papa kwa wavuvi, huwapasua, huwatia chumvi na kuwaanika, kisha huwapeleka sokoni Amu, yaani Lamu. Kahawa kwake ni kinywaji tu. Kwa miaka mingi alikuwa na hamu ya kuing'oa mikahawa yote apande tumbaku, na kila mwaka mama alimwambia subiri mwakani.

Mwaka niliorudi, subira ilimwisha. Wakati huo huo nilikuwa nimepata mnunuzi. Alikuwa mama mmoja kutoka bara ambaye ana vyumba vya wageni Kiwayu. Aliniambia kwa simu kwamba anatafuta kahawa ya karibu, iliyolimwa bila kuumiza nchi wala watu, na akiipenda ataichukua yote, kila msimu. Nilipolitangaza jambo hili sebuleni, ami aliweka kikombe chini.

"Haya," akasema. "Akinunua, mikahawa ikae. Akikataa, naing'oa kabla ya masika."

"Yote?" mama akauliza.

"Yote. Hata ule wa mlangoni. Mimi si mtu wa kuacha kazi nusu."

Mama alinyanyuka. Alizunguka tu nyuma yangu na kunifinya bega, na sikujua kama ananipongeza au ananiadhibu.

Basi nikaanza kulitengeneza shamba. Niliandika kanuni nikazibandika kwenye mlango wa ghala. Hakuna kuchoma taka. Hakuna dawa ya wadudu. Makumbi ya nazi yaende kwenye mbolea. Kusikatwe mkoko hata mmoja kwa kazi ya shamba. Punda asifanye kazi kati ya saa sita na saa tisa, awe na kivuli na maji safi, asipigwe.

Wachumaji wetu ni watatu, wote majirani, na kiongozi wao ni mwanamke wa makamo ambaye kila mtu humwita Bi Mkubwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuthubutu kumwita kitu kingine. Alisimama mbele ya karatasi yangu akaisoma kutoka juu hadi chini, akarudi juu tena.

"Mwanangu," akaniita. "Huyu punda ana kivuli."

"Ndiyo, Bi."

"Ana maji safi. Ana mapumziko. Hapigwi."

"Ndiyo."

"Na sisi?"

"Nyinyi mna... nyinyi ni binadamu, Bi. Inafahamika."

"Haikufahamika mwaka jana. Mimi naomba nihesabiwe punda."

Wenzake wakacheka mpaka ndoo zikaanguka. Mmoja akasema yeye hata maji hataki, anataka tu kile kipengele cha kutopigwa kiongezwe kutotukanwa, maana ami yangu akiona buni mbichi imechanganywa na mbivu huwataja watu hadi babu zao. Nililazimika kuitisha kikao. Tulikaa chini ya miembe, ami akiangalia mawingu muda wote kwa sababu papa wake walikuwa juani, na pamoja na kile cha kutotukanwa tukaongeza vipengele viwili: wachumaji wapumzike saa zile zile za punda, na kusifanyike uamuzi wowote mkubwa juu ya shamba kabla wachumaji hawajasikilizwa. Ami alitia sahihi bila kusoma. Wingu lilikuwa linakuja.

Nilijiona nimeshinda dunia. Kumbe kazi ilikuwa kwenye kuanika.

Buni huchumwa mbivu, nyekundu, na hukaushwa na ganda lake juu ya kitu kilichoinuka kutoka ardhini, hewa ipite chini na juu. Zamani babu aliianika chini, kwenye majamvi, ikawa na mchanga. Mnunuzi alikuwa amesema hataki mchanga. Tulihitaji chanja, meza ndefu za fito zenye wavu juu, na fito nzuri za huku ni za mikoko, na mikoko nilikuwa nimeipiga marufuku mwenyewe kwa wino mwekundu. Nikatembea uani nikifikiri, na pale nyuma ya jiko nikaziona chanja nne za zamani za ami, imara kabisa, ambazo alikuwa ameziacha alipotengeneza mpya za karibu na pwani. Nikajiambia, kwa nini tukate miti wakati chanja tunazo? Huku ndiko kuhifadhi mazingira kwenyewe.

"Usianike kahawa juu ya chanja za papa," mama akasema.

"Kwa nini?"

"Kahawa ina pua."

"Mama, kahawa haina pua."

"Huvuta. Ukiiweka karibu na mafuta ya taa, itanuka taa."

"Una ushahidi?"

"Nina miaka hamsini na sita."

Nilimweleza kwa upole, upole ule unaoudhi kuliko matusi, kwamba umri si ushahidi. Kisha nikafanya utafiti. Nilizisugua chanja zile kwa majivu, nikazisugua tena kwa ndimu, nikazianika juani siku tatu, nikanusa fito moja moja kuanzia upande hadi upande. Majirani bado hunitania kwa hilo. Sikusikia harufu yoyote. Nikamwita mama anuse. Akanusa, akanusa tena, akasema, "Kweli, sisikii kitu." Nikamwita ami, nikawaita wachumaji wote watatu. Watu sita, tundu kumi na mbili za pua, na hakuna aliyesikia chochote. Chuoni tulifundishwa kwamba sampuli isiwe ndogo. Nadhani kulikuwa na somo la pili, la kwamba sampuli isiwe na watu ambao wote wamelelewa juu ya papa, lakini siku hiyo labda sikuhudhuria.

Kahawa ikakauka vizuri. Iligongana kama kokoto ukiitikisa. Bi Mkubwa akaitwanga maganda, mama akaikaanga kwenye chungu, tukaisaga, tukaichemsha bila tangawizi kwa sababu mnunuzi alitaka kuionja tupu. Tukakaa sote sebuleni na vikombe.

Mama akafumba macho. "Ina kitu," akasema. "Sijui niseme nini. Ina ladha ya kwetu."

"Ina nguvu," ami akasema. "Inakaa kinywani haitoki." Akanywa vikombe vitatu, na huyu ndiye aliyetaka kuing'oa. Nikaandika daftarini: *ladha ya kipekee ya eneo.*

Mnunuzi alikuja Jumamosi kwa boti, amevaa kofia pana na viatu vilivyojaa maji. Aliyemleta alikuwa nahodha mmoja wa Kiunga, naye tukamkaribisha. Mama yule alikuwa na karatasi ya maswali kama niliyokuwa nayo mimi, nikampenda papo hapo. Ami ndiye aliyejitwika kazi ya kujibu.

"Je, ndege wanapata makao shambani?"

"Wanapata, Bi. Wengine wamezaa humu mpaka wajukuu."

"Mnafanyaje na taka?"

"Taka zipi? Kila kitu hapa tunakila sisi, au anakila punda."

"Na wafanyakazi wana sauti?"

Bi Mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Tunayo, na leo tumeiacha nyumbani kwa heshima yako."

Halafu lile swali nililolingojea. "Chanja zenu ni za mti gani?" Nikasimama. Nikamweleza kwamba hatukukata mkoko hata mmoja, kwamba chanja ni za zamani, zimetumika tena, kwamba huu ndio moyo wa shamba letu. Akaandika, akapigia mstari chini yake. Nikamtazama mama kwa jicho la "umeona?"

Ndipo kahawa ikaletwa.

Akanywa funda moja. Alimeza kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Nzuri," akasema. Tukangoja. "Mmeweka nini hapa ndani?"

"Kahawa," mama akajibu.

"Na nini ingine?"

"Maji."

"Maji ya bahari?"

Ami akacheka. "Bi, sisi hatupiki kahawa kwa maji ya bahari. Sisi si samaki."

"Hapo sasa," mnunuzi akasema polepole, akiinua kidole. "Hapo kwa samaki ndio nataka kuuliza."

Akanywa funda la pili, kwa haki tu, akaweka kikombe chini na kukisogeza mbali kidogo kwa kidole kimoja. Akasema hii kahawa iko na samaki. Tukamwambia haiwezekani. Nahodha wa Kiunga akaombwa aonje awe shahidi. Akaonja, akalamba midomo, akanyoosha kikombe. "Tamu. Ongezeni."

"Mmeona?" ami akasema.

"Huyu amekuja na samaki kwenye boti," mnunuzi akasema. "Si shahidi."

Nikapendekeza, kwa kuwa ndiyo njia ya kisayansi, tutafute pua isiyo na upande. Tukamwita mwalimu mpya wa shule, kijana kutoka bara aliyekuwa ameripoti wiki mbili nyuma. Alikuja na kandambili za kuogea, tukampa kikombe bila kumwambia kitu.

"Wah," akasema.

"Wah nini?" ami akamwuliza.

"Hii iko na samaki."

"Samaki gani?" Ami aliuliza kama anayesahihisha mtihani.

Mwalimu akafikiri. "Sijui jina. Lakini si kuna ile harufu huwa hapo kwa njia ya kwenda pwani, mpaka mimi hupitia nyuma ya msikiti kuiepuka? Ni hiyo. Sasa imechemshwa."

Sijawahi kuona mtu akitukanwa kwa adabu kiasi kile. Ami alinyanyuka, akatoka, na tukamsikia nje akimwambia punda jambo. Mnunuzi alisikitika kweli. Alituambia kila kitu kingine kiko sawa, ila wageni wake hawawezi kunywa hii. "Nitapita tena mwezi ujao nikienda Amu," akasema akipanda boti. "Mkiwa na nyingine, nitaonja. Mkiwa na hii, nitawasalimia tu."

Nilikaa nyuma ya jiko nikazitazama zile chanja. Nilikuwa nimewauliza maswali walimu wangu wote, masheikh wawili na karani wa benki. Pua yangu sikuwahi kuiuliza kitu. Mama alikuja akakaa kando yangu. Nilimngojea aseme. Hakusema "nilikwambia", na hilo liliniuma zaidi, mpaka nikamwomba aseme.

"Siwezi," akajibu. "Hata mimi nilinusa."

Asubuhi ami akaja na jembe. Alianzia mlangoni, kwenye mti wa kwanza wa babu. Nilimkimbilia.

"Ami, amesema atarudi."

"Alikataa, hakukataa?"

"Alikataa hii moja. Bado kuna buni mtini, mchumo wa pili."

"Nilisema akikataa. Sikusema akikataa mara mbili. Nipishe ndia."

Akapiga jembe. Mama akatokea na sufuria yake ya maji ya mchele, kama kila siku. Hakumwambia ami hata salamu. Aliumwagia mti maji yote, hasa pale ami alipokuwa anachimba, shimo likawa tope, na jembe likaanza kuteleza.

"Shemeji!"

"Namwagilia mti," mama akasema. "Bado ni mti."

Akaendelea kuchimba kwenye tope. Alikuwa amekata mzizi mmoja, na mti ulikuwa umeanza kuinama upande, wakati Bi Mkubwa na wenzake wawili walipofika kazini na ndoo zao. Wakasimama kwa safu.

"Asalamu alaikum, Bwana."

"Wa alaikumu salamu."

"Naona wachimba."

"Nachimba."

"Karatasi ya mlangoni inasema tusikilizwe kwanza. Na sahihi yako ipo."

"Semeni. Nitasikiliza huku nachimba."

"Nina swali moja tu," Bi Mkubwa akasema. "Papa wako ananuka?"

Jembe lilikwama hewani. "Papa wangu? Papa wangu analiwa Amu, analiwa Mombasa, analiwa na watu wazima wenye heshima zao. Papa wangu hanuki!"

"Basi kahawa yetu haikunuka papa."

"Haikunuka. Yule mama ana ulimi mbovu. Na yule mwalimu."

"Kwa hiyo kahawa ni nzuri."

"Nzuri sana. Mimi mwenyewe nilikunywa vikombe vitatu."

"Kwa hiyo hapa wang'oa mti wa kahawa nzuri sana."

Mwenzake Bi Mkubwa akadakia, "Au papa ananuka, na mti hauna kosa."

"Chagua moja, Bwana," akamaliza yule wa tatu. "Jua linapanda, na sisi na punda tuna mapumziko saa sita."

Ami aliegemea jembe. Alitazama mti, akatutazama, akatazama kule ziliko chanja zake za pwani. Nilimwona akitafuta njia ya tatu, na wallahi akaipata.

"Huyu mama wa bara tutamjaribu," akasema. "Hii iliyobaki mtini itachumwa, itaanikwa pahala ambapo papa hajapita hata kwa ndoto. Halafu atakunywa. Akisikia samaki tena, basi samaki yumo ulimini mwake, na nti nzima ijue."

"Na asiposikia?" nikauliza.

"Wewe nawe! Kazi yako kuuliza tu." Lakini alikuwa tayari anarudisha udongo kwenye shimo kwa mguu.

Kumbe pahala penyewe hapakuwepo. Tulitafuta siku nzima. Majamvi? Yaliwahi kufungiwa papa wa safari. Sakafu ya juu ya nyumba? Papa walianikwa huko mwaka ambao pwani palifurika. Mlango wa zamani wa ghala? Ami alikiri kwamba aliwahi kumkatia papa mkubwa juu yake, mara moja tu, labda mara tano. Mwalimu tulimchukua tuzunguke naye, anuse. Alikuwa akitingisha kichwa kila kona kama daktari mwenye habari mbaya. Mama akasema tukate fito mpya za mikoko, nikasema hapana, ami akasema kama kanuni zangu ni nzuri hivyo tuianike juu ya kanuni.

Ni mwalimu aliyesimama nje ya dirisha la chumba cha ndani cha ami. "Huku hakuna kitu," akasema. "Huku kuko safi."

Humo ndani kulikuwa na kitanda chake cha harusi, kitanda kirefu cha kamba, miguu yake imechongwa kwa mkono. Marehemu mkewe alimkatalia kukikaribia akitoka kazini kabla hajaoga mara mbili. Alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na kwa miaka sita ami alikuwa akioga mara mbili. Hakuna aliyejua. Alisema mwenyewe pale dirishani, haraka haraka, kama anayetaja kosa, kisha akaingia na kuanza kukisukuma kitanda nje.

"Ami, utalala wapi?"

"Chini. Kwani chini kumefungwa?"

Nikakitazama kitanda kile uani: kamba zimefumwa kwa nafasi, hewa inapita chini na juu, kimo cha kiuno. Chuoni sikuwahi kuonyeshwa chanja bora. Mwalimu akanusa kitanda cha mama na changu, akavipitisha, navyo vikatolewa, vyote vikatandikwa shuka nyepesi ili buni isidondoke. Kwa wiki tatu vitanda vitatu vilikaa uani vikiwa vimelaliwa na kahawa. Jua likizama tulivibeba ndani, mmoja kila upande, na Bi Mkubwa akitupigia vigelegele kama tunapeleka bibi harusi. Kahawa ililala vyumbani, sisi tukalala sakafuni. Wapita njia waliuliza kama kuna mgonjwa. Punda alijaribu kula tandiko moja, akafukuzwa bila kupigwa wala kutukanwa, jambo lililochukua muda mrefu.

Kazi ya kuigeuza ami hakumwachia mtu. Kila adhuhuri akitoka kwa papa wake nilisikia maji bafuni, kimya kidogo, kisha maji tena. Ndipo alipotoka na kanzu safi na kugeuza buni kwa viganja, taratibu, akiipuliza, akinung'unika kwamba anafanya yote haya ili mtu wa bara aaibike.

Mnunuzi akapita, kama alivyoahidi. Safari hii hakukuwa na maswali. Ami alimimina mwenyewe, akampa kikombe kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua moja kumtazama mdomo. Mama alikuwa ameshika sufuria tupu, sijui kwa nini.

Akanywa. Akanywa tena. Akamaliza kikombe.

"Hii sasa," akasema, "ni kahawa."

Alichukua yote, na akasema msimu ujao atachukua yote. Mama aliketi chini pale pale uani, akacheka na kulia kwa pamoja. Bi Mkubwa alimgeukia ami.

"Bwana, umesikia? Hajaonja samaki."

Ami akatingisha kichwa kwa huruma. "Alhamdulillahi," akasema. "Ulimi wake umepona."

Hivyo ndivyo mikahawa ilivyobaki. Ule wa mlangoni umeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni, lakini unazaa. Ami hazungumzii tena tumbaku. Seremala wa Faza alitutengenezea vitanda sita vya kamba vya kahawa, kwa mbao za miembe iliyoanguka, na ami akarudishiwa chake. Tulipoonja kahawa ya vitandani sisi wenyewe, tulitazamana. Mama alisema ni safi, ni safi sana, lakini haina kitu. Ule mchumo wa kwanza haukutupwa. Ami ameuweka kwenye debe na kuuficha. Kila alasiri huchukua konzi moja, huchemsha, hunywa peke yake na hukaribisha tu watu anaowapenda. Hunikaribisha. Mpaka leo nainusa na sisikii papa. Nasikia nyumbani tu.

Tatizo limebaki moja. Msimu uliofuata tulimwita mwalimu aonje kabla ya mnunuzi kuja. Kwanza tukampa ya debe, kupima kama pua yake bado iko sawa. Akanywa, akalamba midomo, akanyoosha kikombe. "Hii iko poa. Ongezeni." Na njiani siku hizo alikuwa anapita katikati ya chanja za pwani, akisalimiana na papa.

Kwa hiyo sasa kila msimu tunahitaji pua mpya. Mwaka huu ameripoti afisa wa kilimo kutoka bara. Hata begi hakuwa amelishusha kutoka kwenye boti. Ami alikuwa tayari amesimama gatini na dele na kikombe kimoja, ameoga mara mbili.

"Karibu, Bwana," akamwambia. "Usivute pumzi bado. Onja kwanza."